Gari imekataa kuwaka: tafuta moto mbele ya kutafuta mkosaji

Leo naomba nikuzungumzie habari ya gari. Usigeuze ukurasa haraka, wewe mama unayesema gari ni mambo ya wanaume, wala wewe kijana usiye na hata baiskeli. Ni habari ya gari ya zamani iliyokataa kuwaka asubuhi, lakini ndani yake kuna mtu aliyeitwa mwizi kwa sababu ya kipande kimoja cha injini. Nimeona jambo kama hilo likirudi mara nyingi katika nyumba zetu na katika machimbo, hata pasipo na gari. Kwa hiyo soma hata mwisho.

Mimi ninakaa Lwiro. Wewe usiyepajua, ukitoka Bukavu kwa barabara ya Goma unapita Kavumu penye uwanja wa ndege, na upande wa Katana unaacha barabara kubwa na kupanda kuelekea mlima Kahuzi. Ni kilomita 45 hivi kutoka mjini. Watu wengi wanapajua kwa sababu ya kituo cha utafiti ambacho Wabelgiji walikijenga baada ya kuunda IRSAC mwaka 1947, na ambacho leo kinaitwa CRSN. Tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari. Asubuhi ya mvua, ukungu unashuka kutoka msituni, bati linatoa maji kama limenyeshewa, na kila chuma kiko baridi. Shika neno hilo la ukungu, maana tutalirudia.

Gari ya mjomba

Mwaka 1987 mjomba wangu alikuwa na Land Rover ya esanse, silinda nne, iliyotengenezwa miaka ya 1960. Ilikuwa imezeeka, lakini ilikuwa inalisha nyumba mbili. Ilibeba maharagwe na ndizi kwenda Bukavu, ikarudi na chumvi na sabuni. Usiku, mama mwenye uchungu wa kuzaa akishikwa, watu walikuja kubisha kwa mjomba ili apelekwe hospitali ya Katana. Gari ile ikilala, si mjomba peke yake aliyepata hasara.

Kulikuwa na kijana mmoja aliyemsaidia. Sitataja jina lake. Alikuwa na miaka kumi na saba hivi, mtoto wa kijiji kingine, asiye na baba. Aliosha gari, alipakia mizigo, alilala karibu nayo usiku. Mjomba alimlipa kidogo kidogo, na siku ile ilikuwa miezi miwili hajamlipa.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua ya usiku mzima, gari ilikataa. Demareri ilizungusha injini vizuri, lakini injini haikushika. Mjomba alijaribu, akajaribu tena, mpaka bateri ikaanza kuchoka. Alipofungua kapo akaona bobini imechafuka, nyeusi kwa vumbi na mafuta. Akasema: «Hii si bobini yangu. Yangu ilikuwa safi.» Jirani aliyekuwa amesimama pale akaongeza kwamba juzi alimwona kijana Kavumu akinunua viatu vipya.

Basi, mambo mawili yakashikana: viatu na bobini. Hakuna aliyeuliza zaidi. Mbele ya saa moja ya asubuhi kijana alikuwa tayari mwizi. Alisema: «Papa, miye sikugusaka kitu. Feza ya viatu ni dada yangu alinipatia.» Dada huyo alikuwa anakaa Katana, mwendo mfupi tu kwa miguu. Hakuna aliyetumwa kumwuliza. Kijana alifukuzwa bila mshahara wake, mbele ya majirani wote, na watoto wadogo wakamsindikiza kwa kelele mpaka barabarani.

Wazee walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Akiisha kwenda, kila mtu alikumbuka jambo lingine baya juu yake.

Mzee wa garaji

Saa tatu akafika mzee fundi ambaye mjomba alikuwa ametuma kumwita. Alikuwa mtu wa maneno machache, aliyefanya kazi ya magari tangu ujana wake. Hakufungua sanduku la vyombo. Aliuliza kwanza.

«Gari iliwaka jana?»

«Iliwaka muzuri.»

«Mvua ilinyesha usiku?»

«Usiku muzima.»

«Na kijana iko wapi?»

«Nimemufukuza. Aliuzisha bobini, akaweka ingine ya kufa.»

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Bobini haina mudomo wa kujitetea, lakini iko na moto. Tuiulize ile moto.»

Mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na tano. Nilipewa kazi ya kuzungusha manivele. Ndiyo sababu niliona kila kitu karibu, na maneno aliyonieleza siku ile ndiyo ninayokupa leo.

Moto unatoka wapi?

Injini ya esanse inahitaji vitu vitatu: esanse, hewa, na moto unaokuja kwa saa yake. Kimoja kikikosa, utazungusha mpaka jioni bure. Tuseme juu ya moto.

Bateri ya gari ina volti 12 tu. Volti 12 haziwezi kuruka hata nafasi ya ukucha kutengeneza cheche. Lakini kwenye buji (kule Nairobi na Dar es Salaam wanasema plagi) tunahitaji volti elfu nyingi, elfu kumi na zaidi. Nani anaziongeza? Ni bobini. Ndani ya bobini kuna chuma, na juu yake zimezungushwa waya mbili za shaba. Moja ni nene, mizunguko mamia machache. Nyingine ni nyembamba kama unywele, mizunguko maelfu mengi.

Ukitia kontakti, umeme wa bateri unapita katika waya nene na kuamsha nguvu ya sumaku. Kisha unatoka bobini, unaingia katika delko, unapita kwenye vise platine, na kurudi kwenye bateri kwa njia ya bodi ya gari. Vise platine ni vidomo viwili vidogo vya chuma vinavyofunga na kufungua. Vikifungua, umeme unakatika ghafula, nguvu ya sumaku inaanguka mara moja, na kuanguka huko ndiko kunakozaa volti nyingi katika waya nyembamba. Umeme huo mkali unarudi juu ya delko, unapita katika kidole kinachozunguka, na kidole kinaugawia kila buji kwa zamu yake. Katika Land Rover ile zamu ilikuwa 1, 3, 4, 2.

Kuna pia kikopo kidogo kinachoitwa kondasateri. Kazi yake ni kumeza umeme wakati vidomo vinafunguka, ili visiungue na ili umeme ukatike kwa haraka. Kikifa, moto unakuwa dhaifu na wa manjano, na vise platine zinaungua upesi.

Fikiri kidogo: injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vidomo vile vinafungua mara 6,000 kwa dakika, maana yake mara 100 kwa sekunde moja. Kwa hiyo usishangae vikichoka.

Ninyi mnaokaa penye machimbo, sikieni hili. Jina «platine» limebaki kutoka zamani, lakini vidomo vya wakati wetu vilifanywa kwa tungsteni, ile inayotoka katika mawe ya wolframi. Ni chuma kinachopita vyuma vyote kwa kuvumilia moto: kinayeyuka kwenye digrii 3,422. Wolframi inachimbwa hapa kwetu Kivu. Risasi nyeupe ya kuunganisha waya inatoka katika kasiteriti, nayo ni ya kwetu. Shaba ya waya inachimbwa Katanga. Kondasateri ya delko yenyewe ni karatasi na alumini iliyokunjwa, lakini ndugu zake wadogo walio ndani ya simu zenu wanafanywa kwa tantali ya koltani. Kwa hiyo kijana wa machimbo akishika delko, anashika vitu ambavyo pengine vilipita mikononi mwa baba yake.

Na neno «delko» lenyewe? Ni herufi za mwanzo za kampuni ya Marekani: Dayton Engineering Laboratories Company, iliyoundwa mwaka 1909 katika mji wa Dayton na Charles Kettering pamoja na Edward Deeds. Kettering ndiye aliyetengeneza namna hii ya kuwasha kwa bateri na bobini, na magari ya Cadillac yakaitumia mwaka 1910. Kampuni iliandika Delco, sisi tukaita kipande chote delko.

Kumwuliza kila mmoja kwa zamu

Sasa turudi kwa mzee. Gari aliitia katika nyutro, akavuta breki ya mkono, akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Manivele inaweza kurudi kwa nguvu na kuvunja mkono, kwa hiyo alinionyesha kuishika na kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, bila kuizungushia.

Jambo la kwanza, alitazama bateri. Taa zilikuwa bado zinawaka, ingawa si kwa nguvu. Alikaza vichwa vya waya na kukwangua ule unga mweupe. Bateri iliyojaa inapima volti 12.6 hivi, ikishuka hata 12 imekwisha karibu yote. Na angalisho: magari mengine ya Kiingereza ya zamani yalifungwa + kwenye bodi, si −. Tazama vizuri mbele ya kurudisha bateri.

La pili, alitoa buji moja na kuinusa. Ilikuwa imelowa esanse. Kwa hiyo esanse ilifika. Alipangusa mikono, akafunga tanki, akangoja harufu ipungue, maana hutafuti moto penye mvuke wa esanse. Injini zimeunguza watu kwa namna hiyo.

La tatu, alirudisha waya kwenye buji ile, akailaza chuma kwa chuma juu ya injini, mbali na tundu lake, akaniambia nizungushe. Hakuna moto. Akatoa ya pili, vilevile. Mjomba akasema: «Si nilisema? Bobini imekufa.»

Hapo ndipo wengi tunakosea njia. Moto ukikosa kwenye buji, bado haujui ni nani aliyeuzuia. Kati ya bateri na buji kuna vituo saba au vinane. Ukichagua kimoja kwa hasira, utanunua bobini mpya Bukavu, uifunge, na gari itakataa tena. Kisha utanunua vise, kisha kondasateri. Nimeona mtu aliyemaliza feza ya shule ya watoto kwa namna hiyo, na kosa lilikuwa waya moja iliyolegea.

Mzee alifanya jambo la nne, lililo kubwa kuliko yote. Alichomoa waya nene ya katikati, ile inayotoka bobini na kuingia juu ya delko. Hakuishika kwa mkono. Aliibana kwa vijiti viwili vikavu vya mti, akaisogeza karibu na chuma cha injini, ikabaki nafasi ya nusu sentimita. Akasema: «Zungusha.»

Tak! Tak! Moto wa buluu, mnene, wenye sauti.

Mzee akamwangalia mjomba. Hakusema neno. Ndugu msomaji, elewa maana ya moto ule. Kama moto umetoka bobini, basi bateri inafanya kazi, kontakti inafanya kazi, bobini ni nzima, vise platine zinafungua na kufunga, kondasateri iko hai. Watu watano waliosimama mbele ya baraza, wote wakafunguliwa kwa kipimo kimoja. Kosa lilibaki kati ya delko na buji tu: kifuniko cha delko, kidole, au zile waya nne. Na waya nne haziwezi kufa zote usiku mmoja.

Akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na matone ya maji, kama kioo ulichopulizia pumzi. Akakipangusa, akakipeleka kwenye jua, akatuonyesha mstari mweusi, mwembamba kuliko uzi, kutoka katikati mpaka pembeni. Umeme ni kama maji ya mlima: hautafuti njia nzuri, unatafuta njia rahisi. Ukungu uliingia, moto ukapita juu ya unyevu, ukaunguza kifuniko, ukajichorea barabara ya kaboni. Jua likiwaka, gari ilikubali. Mvua ikinyesha, moto wote ulipita barabara ile na kupotea katika bodi.

Mzee alikausha kifuniko juu ya joto la jiko, si juu ya ndimi za moto. Alikwangua ule mstari wote kwa ncha ya kisu mpaka ukaisha. Kisha akamwomba mke wa mjomba rangi ya kucha. Mama alicheka akidhani ni mzaha. Mzee akapaka rangi ile penye kovu ili umeme usipite tena, akangoja ikauke kabisa, akafunga. Alisema: «Hii itakupeleka mpaka Bukavu kununua ingine. Usilale juu yake.»

Manivele ya kwanza, hapana. Ya pili, ikakohoa. Ya tatu, ikashika.

Na ile bobini? Mzee aliipangusa kwa kitambaa chenye esanse kidogo. Chini ya uchafu kulikuwa na tone la rangi ya kijani. Mjomba aliikumbuka rangi ile, kwa maana aliimwaga yeye mwenyewe alipopaka gari miaka miwili nyuma. Ilikuwa bobini yake, ile ile, haijawahi kutoka mahali pake.

«Sasa ile ingine?»

Kazi yote ilichukua muda mfupi, hata saa moja haikufika. Kumhukumu kijana kulichukua dakika tano.

Mzee alinawa mikono, akapokea malipo yake, akasema kwa utulivu: «Gari imepona. Sasa ile ingine?» Mjomba alielewa. Siku ile ile alienda Katana kwa gari ile na kumkuta kijana kwa dada yake. Dada alisema bila kuulizwa mara mbili kwamba feza ya viatu aliitoa yeye, alikuwa ameuza mbuzi. Mjomba alimwambia kijana: «Panda, turudi nyumbani.» Kijana akajibu kwa heshima, macho chini: «Papa, mbele ya watu uliniita mwizi.»

Hakusema zaidi, wala haikuhitajika. Jumamosi iliyofuata mjomba aliita majirani wale wale, katika uwanja ule ule, akasema wazi kwamba alimsingizia mtoto wa watu bila kupima, na kwamba bobini haikuibiwa. Akamhesabia mshahara wa miezi miwili mbele yao. Yule jirani wa habari za viatu naye aliombwa aseme neno, akasema, ingawa kwa shida.

Kijana alishukuru, akapokea feza, akapeana mkono na kila mtu. Lakini hakurudi kazini. Wiki mbili baadaye tulisikia kwamba amekwenda Kamituga kutafuta dhahabu. Wengine walisema ana kiburi. Mimi sisemi hivyo. Mtu aliyesindikizwa na watoto kwa kelele ya «mwizi, mwizi» hawezi kulala tena karibu na gari ile na kusikia kapo ikifunguliwa kila asubuhi ya mvua. Mjomba alipata gari yake na alipoteza mfanyakazi mwaminifu kuliko wote aliopata. Waliokuja baada yake, wawili walimwibia kweli.

Kwa vijana wanaotaka kujifunza

Gari za leo nyingi hazina vise platine; zinawashwa kwa umeme wa elektroniki. Katika hizo usifanye kipimo cha kuchomoa waya na kutafuta cheche, maana unaweza kuharibu kompyuta yake au kuumia. Lakini kwa gari ya zamani yenye delko ya vise, fuata njia hii.

1. Demareri inazungusha kwa nguvu? Kama inazungusha polepole, anza na bateri na waya zake.

2. Buji zimelowa au ni kavu? Kavu kabisa: tafuta esanse kwanza. Zimelowa: tafuta moto.

3. Tazama moto wa waya ya katikati ya bobini. Ukiwapo na nguvu, kosa liko katika kifuniko, kidole, waya au buji. Ukikosa, kosa liko chini.

4. Kama moto haupo pale, chukua ampuli ndogo ya volti 12 yenye waya mbili. Funga waya moja kwenye chuma cha bodi, na nyingine gusa mahali bobini inapopokea umeme, kontakti ikiwa imetiwa. Isipowaka, umeme haufiki: tazama fuzi, kontakti na waya.

5. Sasa gusa upande wa pili wa bobini, ule unaokwenda delko, na mwenzako azungushe. Ampuli ikiwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, vise zinafanya kazi. Hapo shuku kondasateri, kisha bobini. Ikibaki inawaka tu, vise hazifungi au zimechafuka. Isipowaka hata kidogo, toa waya ya delko kwenye bobini: ikiwaka sasa, kuna mahali ndani ya delko panapogusa bodi, au vise hazifunguki, au kondasateri imekufa kwa kushikana, isipowaka bado, waya ya ndani ya bobini imekatika.

6. Safisha vise kwa tupa nyembamba, upanguse vumbi lote. Nafasi yake ikiwa wazi kabisa ni milimita 0.4 hivi kwa magari mengi ya zamani. Soma kitabu cha gari yako.

7. Mbele ya kuchomoa waya za buji, zitie alama 1, 2, 3, 4. Ukizichanganya, utaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

8. Badilisha kipande kimoja tu kwa mara moja, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja, gari itawaka lakini hutajua ni kipi kilichokufa.

Kwa familia zetu

Wazazi, mnaona kwamba fundi yule hakuwa na chombo cha bei. Alikuwa na vijiti viwili, kisu, na maswali matatu. Alianza na yale yaliyotokea: jana iliwaka, usiku mvua ilinyesha. Mjomba alianza na nani. Tofauti yao ilikuwa pale.

Katika machimbo yetu mambo kama haya ni ya kila siku. Mizani ya dhahabu ikikosa gramu, mototo wa kazi ndiye wa kwanza kuulizwa. Pampu ya maji ikikataa, ni yule wa zamu ya usiku. Mtoto akiugua ghafula, ni yule bibi mzee anayekaa peke yake. Nami ninakuomba ufanye kama mzee: chomoa waya ya katikati kwanza. Tafuta kipimo kimoja kinachoweza kumfungua mtu, mbele ya kutafuta kumi vinavyoweza kumfunga. Katika habari ya mjomba kulikuwa na vipimo viwili vya bure: kupangusa bobini kwa kitambaa, na kumwuliza dada wa Katana.

Na kama umekwisha kusema neno baya mbele ya watu, usilirudishe kwa siri jikoni. Mjomba alifanya vema kuita majirani wale wale. Kijana hakurudi kwake, ni kweli, lakini alikwenda Kamituga akiwa na jina lake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

1. Je, katika nyumba yetu, kitu kikipotea au kikiharibika, ni nani anayeshukiwa kwanza kila mara? Kwa sababu gani?

2. Je, kuna mtu tuliyemhukumu na baadaye tukaona hakukosa? Tulimwambia mbele ya nani?

3. Kijana alifanya vizuri kukataa kurudi kazini? Kila mtu atoe wazo lake, wadogo waanze.